Shika Karatasi Kabla Pesa Haijatoka

Hotuba kuhusu kuzuia wizi wa pesa za miradi ya umma, iliyotolewa Kisumu, Kenya, mbele ya wanakamati wa miradi ya wadi, vikundi vya akina mama na vijana waliotoka Kisumu, Kakamega, Vihiga na Nakuru. Tunaiweka yote hapa kwa ajili ya waliokosa kufika.

Wazee wetu, akina mama, vijana, na nyinyi mliopanda matatu usiku wa manane kutoka Nakuru ili mfike hapa mapema: hamjambo? Asanteni kwa kuja.

Naomba tuanze na methali. Mimi nitaianza, nyinyi mtaimaliza. Penye udhia...

Penyeza rupia. Mmeimaliza bila kusita, hata watoto waliokaa pale mlangoni. Sasa nijibuni: ni nani humu ndani amewahi kushika rupia mkononi? Hakuna. Rupia iliacha kutumika katika nchi hii mwaka 1920. Sarafu imekufa zaidi ya miaka 100 iliyopita, lakini ushauri wake bado unatembea. Unatembea kituo cha polisi, unatembea afisi ya ardhi, unatembea mpaka kwenye wodi ya wazazi.

Basi tujiulize rupia hiyo ilikuwa inafanya kazi gani. Reli ilifika hapa Kisumu mwaka 1901, na kodi ya nyumba ikaingia vijijini miaka hiyo hiyo. Mzee wa Kano, mzee wa Bunyore, mzee wa Wanga alihesabiwa vibanda vyake akatozwa. Nani aliyekusanya? Sheria ya mwaka 1902 iliipa serikali uwezo wa kuteua mkuu wa kijiji, na mahali pengi aliyeteuliwa hakuwa mtu ambaye wenyeji wangemchagua. Sehemu ya kodi aliyokusanya ilikuwa ujira wake. Alijibu kwa diisii, yaani mkuu wa wilaya, diisii akajibu kwa gavana, gavana akajibu London. Mlipaji kodi hakujibiwa na mtu yeyote. Hakuwa na haki ya kuuliza rupia yake imejenga nini.

Ndugu zangu, dola nyingi za Afrika zilirithi mtambo huo ukiwa mzima. Bendera ilibadilika mwaka 1963, wimbo ukabadilika, lakini mhuri ulibaki kuwa mali ya anayeushika. Kisha sisi wenyewe tukauongezea nguvu. Mwaka 1971 Tume ya Ndegwa, iliyoundwa kuchunguza utumishi wa umma, ilikubali kwamba mtumishi wa serikali anaweza kufanya biashara zake binafsi huku akiendelea na kazi. Fikirini maana yake. Afisa anayeandaa zabuni asubuhi anaweza kuwa na kampuni inayoiomba zabuni hiyo jioni. Kwa maoni yangu, hakuna pendekezo la tume lililoigharimu nchi hii kuliko hilo.

Majirani zetu walikuwa wameshapita njia nyingine. Azimio la Arusha, mwaka 1967, liliweka miiko kwa kiongozi: asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba za kupangisha. Je, Tanzania ilikosa wala rushwa? La. Na mwaka 1991 kule Zanzibar chama tawala, CCM, kililegeza miiko hiyo. Lakini kwa muda ule mkulima wa kawaida alikuwa na kipimo mkononi. Aliweza kunyoosha kidole na kusema, yule ana nyumba tatu za kupangisha, miiko inasema nini? Sisi tulisubiri hadi Katiba ya 2010 na Sura yake ya Sita, ile ya uongozi na uadilifu, kupata kitu cha namna hiyo.

Sasa twende kwenye jambo lenyewe lililonileta. Watu wengi wanadhani wizi wa mali ya umma unafanyika gizani, mtu anavunja kabati na kukimbia na gunia. Wizi mkubwa unafanyika mchana, mezani, kwa kalamu. Una risiti. Una mhuri. Una sahihi tatu au nne.

Mnaikumbuka kashfa ya Goldenberg? Vijana, ulizeni wazazi wenu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilikubali kuilipa kampuni ya jina hilo fidia ya asilimia 35 kwa dhahabu na almasi ambazo ingeuza nje ya nchi. Watu wa Kakamega, nyinyi ndio mnaojua dhahabu. Mgodi wa Rosterman uko kwenu, na ulifungwa mwaka 1952. Baada ya hapo iliyobaki kwenu ilikuwa ile ambayo wachimbaji wadogo waliiosha kwa karai. Almasi je? Nchi hii ina almasi wapi? Hata hivyo fomu zilijazwa, fomu zikapigwa mihuri ya idara baada ya idara, na mabilioni yakatoka Benki Kuu. Hakuna aliyevunja mlango.

Ni nani aliyeligundua? Karani kijana aitwaye David Munyakei, aliyekuwa akishughulikia karatasi hizo Benki Kuu. Hakuwa mpelelezi. Alisoma tu karatasi zilizopita mezani pake akaona hesabu zake hazikubaliki. Nakala zikawafikia wabunge wa upinzani, Paul Muite na Peter Anyang' Nyong'o, aliyekuwa mbunge wa Kisumu Rural, na mwaka 1993 nchi ikajua. Munyakei alikamatwa, akafutwa kazi, akahangaika hadi alipofariki mwaka 2006, mwaka ule ule ambao Tume ya Bosire, iliyochunguza Goldenberg, ilitoa ripoti yake. Naomba tusimame kidogo kwa heshima yake.

Asanteni. Kaeni.

Kuna karatasi ya uongo, kama ile. Kuna pia karatasi ambayo haikushindanishwa. Bwawa la Turkwel, kule mpakani mwa Pokot na Turkana, lilijengwa nusu ya pili ya miaka ya 1980 bila zabuni ya ushindani. Mwaka 1986 waraka wa mjumbe wa Jumuiya ya Ulaya jijini Nairobi ulivuja, ukisema bei ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ambayo ushindani wa kimataifa ungeleta. Bwawa lipo, umeme unatoka. Lakini tofauti hiyo ya bei, ni nani aliyeilipa? Mmeilipa nyinyi, kwenye sukari, kwenye unga, kwenye mafuta ya taa.

Na kuna karatasi ambayo haikuwepo kabisa. Ndugu wa Nakuru, hili ni lenu na ni zito. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa lililokuwa katika shamba la kibinafsi huko Solai lilipasuka. Watu zaidi ya 40 walikufa, wengi wao watoto na akina mama. Bwawa la ukubwa ule linatakiwa kuwa na kibali cha mamlaka ya maji na leseni ya mazingira, na ilibainika kwamba vibali havikuwepo. Miaka yote ile maji yalikuwa yamekaa juu ya vichwa vya watu, yakionekana na kila aliyepita. Tunapozungumza juu ya ufisadi tunataja shilingi. Solai inatukumbusha kwamba afisa asiyefika mahali anapopaswa kukagua anaweza kuua.

Sasa nataka tushuke kutoka kwenye mabilioni, twende kwenye barabara ya wadi yako. Hapa nitakaa kwa muda, kwa sababu hapa ndipo nyinyi mna uwezo ambao tume ya Nairobi haina. Mna miguu, mna macho, na mnakaa pale pale.

Chukua barabara ya murram ya kilomita 2. Mkataba unasema upana wa mita 5 na unene wa milimita 150 baada ya kushindiliwa. Fanyeni hesabu pamoja nami: mita 2,000 mara 5 mara 0.15. Inakuja mita za ujazo 1,500. Murram ikiwa kwenye lori imelegea, kwa hiyo ongeza takriban asilimia 30: mita 1,950. Lori la kawaida la tani 10 linabeba kama mita 7. Gawanya. Unapata safari 279 hivi.

Kwa hiyo kama mama mwenye kibanda pale kona akiwa na daftari na kalamu, akaweka alama kila lori lipitapo, akafika safari 150 na kazi ikatangazwa imekwisha, je, anahitaji kuwa mhandisi kujua kuna jambo?

Namna murram inavyoibwa ni hii. Kwanza unene: badala ya milimita 150 inawekwa 100. Kwa macho huwezi kuona tofauti, barabara mpya inang'aa. Pili upana: badala ya mita 5 inawekwa 4 na nusu. Hiyo nusu mita unaiona ndogo, lakini pigeni hesabu ya mambo mawili kwa pamoja: 2,000 mara 4.5 mara 0.10 ni mita 900. Zimepotea mita 600 kati ya 1,500. Asilimia 40 ya murram imeondoka na hakuna aliyeona mwizi. Tuseme bei kwenye BQ, yaani orodha ya kazi, vipimo na bei zake, ni shilingi 1,500 kwa mita moja ya ujazo. Hizo ni shilingi 900,000, kwenye barabara moja ya kijijini.

Tatu, maji na rola. Murram isiponyweshwa maji na kushindiliwa safu kwa safu, inabaki vumbi. Mvua ya masika ya kwanza inaipeleka mtoni. Mkandarasi huipenda mvua hiyo, maana inafuta ushahidi. Nne, kalvati. Nyinyi wa Ahero na Nyando mnajua maji ya Kano. Mkataba ukisema kalvati ya milimita 600 na ikawekwa ya 450, tundu limepungua karibu nusu. Tundu la 600 lina eneo karibu mara 1.8 ya lile dogo. Ndipo barabara inakatika katikati na watu wanasema ni mapenzi ya Mungu.

Kupima ni kazi ya saa mbili. Mwiteni msimamizi wa wadi awepo, ili asiseme hakujua. Kila mita 200 chimbeni shimo dogo, moja kushoto, linalofuata katikati, linalofuata kulia, kwa sababu wajanja huweka unene mzuri katikati tu. Chimbeni mpaka mfikie udongo wa asili. Rangi itawaambia, hasa kwenye udongo mweusi wa Kano. Simamisheni tepu, pigeni picha tepu ikisomeka, andikeni namba ya shimo. Kisha fukieni na kushindilia, barabara ni yenu. Kwa kilomita 2 mtapata vipimo 10 au 11. Kimoja kikipungua inaweza kuwa bahati mbaya. Vinane vikipungua kwa kiasi kile kile ni mpango.

Na mpime lini? Hapo ndipo wengi wanakosea. Wanapima pesa ikiwa imeshalipwa, wanaitisha baraza, wanapiga kelele, na mkandarasi ameshahamia kaunti nyingine. Pimeni kabla ya cheti cha malipo. Mkandarasi hulipwa kwa cheti, na cheti hutanguliwa na kamati ya ukaguzi na upokeaji inayosema kazi imeonekana na ni sawa. Katika miradi mingi mwanakamati wa kijiji naye anaombwa sahihi yake. Ndugu zangu, sahihi hiyo ndiyo lango. Usitie sahihi karatasi yenye nafasi tupu. Usitie sahihi ukiwa hotelini unapewa chakula cha mchana. Usitie sahihi kwa sababu mheshimiwa amepiga simu.

Hata ukichelewa, bado kuna nafasi moja. Kwa kawaida asilimia 10 ya malipo huzuiliwa hadi muda wa kurekebisha kasoro uishe, mara nyingi miezi 6 hadi 12. Andikeni kasoro zote ndani ya muda huo na mzipeleke kwa mhandisi wa kaunti, mkitaka nakala yenu ipigwe mhuri wa kupokelewa. Barua isiyo na mhuri wa kupokelewa ni kama haikuandikwa.

Mtauliza: tutapataje BQ, na wao wanasema ni siri? Si siri. Ibara ya 35 ya Katiba inakupa haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 2016 imeeleza njia. Ombi ni la maandishi, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Nasema tena: kwa Kiswahili. Hulazimiki kueleza sababu. Wanatakiwa kukujibu ndani ya siku 21. Wakikataa au wakinyamaza, una siku 30 za kwenda kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ile wengi wanayoiita ofisi ya Ombudsman.

Barua nyingi zinaanguka kwa kosa moja: zinaomba kila kitu. "Tunaomba habari zote kuhusu barabara." Afisa atakujibu kwa aya mbili za heshima na hutapata kitu. Ombeni vitu kwa majina: mkataba uliotiwa sahihi, BQ yenye bei, ripoti ya kamati ya tathmini, kila agizo la kubadilisha kazi, kila cheti cha malipo, na ripoti ya kamati ya ukaguzi na upokeaji. Vitu sita. Taja jina la barabara na mwaka wa fedha.

Kwa nini maagizo ya kubadilisha kazi? Kwa sababu sheria ya ununuzi ya mwaka 2015 inaruhusu mabadiliko, lakini yote kwa jumla yasiongeze bei ya mkataba kwa zaidi ya asilimia 25. Ujanja uko hapo: kampuni inaomba kwa bei ya chini, inashinda, kisha inapanda ngazi kwa mabadiliko. Na kwa nini ripoti ya tathmini? Kwa sababu ndiyo inayoonyesha walioshindana walikuwa nani. Mkikuta kampuni tatu zenye sanduku moja la posta, au zilizoandika kosa lile lile la tahajia katika nyaraka tatu, mmeshajua mashindano yalikuwa kati ya mfuko wa kushoto na mfuko wa kulia wa mtu mmoja.

Mtu ataniambia, si tumwachie Mkaguzi Mkuu wa Hesabu? Namheshimu sana Mkaguzi. Lakini tazameni kalenda. Pesa iliyolipwa Julai 2023 iko katika mwaka wa fedha ulioisha tarehe 30 Juni 2024. Mkaguzi ana miezi 6, yaani hadi mwisho wa Desemba 2024. Bunge la kaunti lina miezi 3 ya kujadili na kuchukua hatua, hadi mwisho wa Machi 2025. Ni karibu miaka miwili. Murram iko wapi wakati huo? Na mahakama? Kesi ya mabwawa ya Arror na Kimwarer, Elgeyo Marakwet, mradi wa zaidi ya shilingi bilioni 60, ilifunguliwa mwaka 2019, na Desemba 2023 washtakiwa wakaachiliwa, hakimu akiulaumu upande wa mashtaka kwa namna ulivyoiendesha. Mabwawa hayajajengwa.

Kuna kifungu kimoja ambacho ningependa kila mhasibu na kila katibu wa idara akisome kabla ya kushika kalamu. Ibara ya 226, kifungu cha 5. Kinasema mwenye wadhifa wa umma akiagiza au akiidhinisha fedha za umma zitumike kinyume cha sheria, yeye binafsi anawajibika kwa hasara na atailipa, awe bado yuko ofisini au ameondoka. Kinamgusa aliyetia sahihi mwenyewe. Mkiandika barua yenu, kitajeni. Afisa mwadilifu, na wako wengi, atawashukuru, kwa sababu mmempa kitu cha kumwonyesha mkubwa wake anayemsukuma.

Akina mama na wazee, kabla sijamaliza, niseme jambo ambalo linatuuma sisi wenyewe. Mwakilishi wadi akija mazishini tunamtazama mkono. Ametoa elfu 5? Tunanung'unika. Ametoa laki moja? Tunaimba. Kuna aliyewahi kumuuliza laki hiyo imetoka mshahara wa mwezi gani? Tumewafundisha kwamba kiongozi mzuri ni yule anayerudisha kidogo hadharani, na hatuulizi alichukua wapi. Nimewasikia viongozi vijana wakisema waliingia safi, na ndani ya mwaka mmoja harambee na mazishi vimewamaliza. Hiyo haiwaondolei hatia. Lakini orodha ya wachangaji tunaisoma sisi, kwa sauti, kwa kipaza sauti.

Haya, tupange. Andikeni tarehe hizi. Tarehe 1 Septemba mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti unatakiwa kuwa mbele ya bunge la kaunti. Barabara yenu isipokuwemo humo, kisha ikatokea kwenye bajeti, ulizeni imeingia kwa mlango gani. Tarehe 30 Aprili makadirio ya bajeti yanafika bungeni. Mei na Juni malipo yanakimbizwa ili pesa zisirudi, na vyeti vingi vibaya hutiwa sahihi wiki mbili za mwisho za Juni. Wiki hizo msisafiri.

Kila wadi ichague barabara moja tu, au zahanati moja tu, na watu watano. Mmoja wa barua, mmoja wa daftari la malori, mmoja wa picha, wawili wa kuchimba. Katibu ana nakala za barua ya vitu sita pale mezani. Jazeni jina la mradi kabla hamjatoka, kwa herufi zinazosomeka. Wale wa Nyando, barabara yenu bado inamwagwa murram wiki hii, kwa hiyo nyinyi mnaanza Jumamosi. Leteni jembe, tepu ya mita 5 na ndoo ya maji ya kushindilia mashimo.